Hatua Arobaini za Shemeji

Msinione nimekaa barazani kwenye kiti cha plastiki mkadhani napunga upepo. Nimekaa namtazama shemeji yangu akimwagilia nyasi. Nyasi! Haziliwi na mtu, haziliwi na mbuzi, na zikirefuka kidogo anazikata anazitupa. Mtu aliyelisha kaya thelathini na mbili kwa maji ya mfereji mmoja, leo kashika mpira wa bustani, na mpangaji wa ghorofa ya pili anamwita dirishani, "Babu, pale kona umeparuka!" Naye anarudi kona. Mimi damu inanichemka, lakini wa kumgombeza simwoni, ila mmoja, na huyo ndiye aliyekaa hapa hapa kwenye kiti.

Huyu ni kaka wa marehemu mume wangu. Tulimwita Bwana Zamu, na jina hilo hakujipa. Tulipohamia hapa palikuwa vichaka vitupu na kijito kule juu. Wanaume wakachimba mfereji misimu miwili, mikono ikawachubuka, na ulipokwisha akatafutwa mtu wa kugawa maji bila upendeleo. Akachaguliwa yeye, maana ndiye pekee aliyeweza kumnyima maji hata mkewe siku isiyo zamu yake. Mkewe alimnunia wiki nzima, sisi tukacheka mpaka mbavu zikatuuma.

Kila alfajiri alipita na jembe begani, anafungua hapa, anaziba pale kwa udongo na magunia. Akifika kwako anagonga mpini kwenye jiwe, anauliza, "Maji yamefika?" Ukijibu yamefika, anakwenda zake. Chai hakunywa kwa mtu. Alisema chai ya nyumba moja ni dakika ishirini za shamba la mwingine.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mtu akimpa mwenzake zamu, au akimwachia kipande cha shamba kwa muda, aliyetoa hasemi kitu. Aliyepewa ndiye husimama kwenye kikao cha Jumamosi na kutangaza: fulani kanipa hiki. Kujitangaza mwenyewe ilikuwa aibu kubwa, ungechekwa mpaka na watoto. Wala hatukuandika. Tuandike ya nini, na kila mtu ana mdomo wake?

Mume wangu alipofariki aliniacha na mtoto mmoja wa kiume na shamba la mwisho kabisa. Mfereji ulipita mpakani, kati ya shamba langu na la shemeji, na hapo ardhi ilikuwa kichanga kitupu. Maji yalinywewa njiani, yakifika kwangu hayatoshi kunawa uso. Vitunguu vyangu vikanyauka vyote. Shemeji akaja, akatazama, akaondoka. Kesho yake akaanza kuchimba mfereji mwingine ndani ya shamba lake mwenyewe, kwenye udongo mzito. Alihesabu hatua arobaini kutoka mpakani. Siku kumi na moja alichimba peke yake, kisha akaufukia ule wa zamani.

"Na hiki kipande kilichobaki upande wangu?" nikamuuliza.

"Lima, shemeji. Panda karanga. Mtoto akishakua utanirudishia."

Jumamosi nikasimama mbele ya watu nikasema: shemeji yangu kanipa hatua arobaini za shamba lake nilelee mtoto. Wakapiga makofi. Yeye alikuwa kainama anachokonoa tope kwenye kiatu. Zile karanga ndizo zilizomsomesha mwanangu, na simfichi mtu.

Basi mji ukaja. Haukuja kwa kishindo. Kwanza alikuja mtu mmoja na gari, akanunua shamba la jirani, akajenga ukuta wenye vipande vya chupa juu. Tukamcheka: anaogopa nini, mbuzi? Baadaye likaja duka la dawa, saluni, mahali pa kuoshea magari. Wale wa vikao vya Jumamosi wakauza mmoja mmoja, wengine wakazikwa, na waliokuja badala yao hata salamu wanaitoa kwa kupiga honi. Kisha barabara ya lami ikapanuliwa. Wakaipiga nyumba ya shemeji alama nyekundu ya X, ivunjwe, na shamba lake lililobaki ng'ambo ya mfereji likaliwa na barabara.

Hakulia. Alikuja hapa hapa barazani, akavua kofia. "Pa kusimamisha nyumba sitakosa," akasema. "Zile hatua arobaini zipo." Nikamjibu, "Zipo, shemeji." Na siku ile nilimaanisha. Wallahi nilimaanisha.

Mwanangu ndiye aliyenikalia kooni. Kishakua mtu mzima, kavaa shati la mikono mirefu, ana mnunuzi mkononi anayetaka kujenga ghorofa. Bila kile kipande, kiwanja hakitoshi. "Mama, umelima pale miaka ishirini na mbili," akaniambia. "Nani ana karatasi?" Hakuna aliyekuwa na karatasi. Nikamwambia anyamaze. Yeye akanyamaza, nami nikaanza kuwaza choo cha ndani na bomba la jikoni.

Wapimaji wakaja na vigingi vyao. Mkubwa wao, mtu mpole tu, akauliza, "Mpaka wenu ni upi?"

Shemeji akanyamaza. Nyinyi wa leo mtasema mjinga yule, si angesema? Asingesema! Angekatwa kidole asiseme, maana yeye ndiye aliyetoa, na aliyetoa hajitangazi. Alinigeukia tu, akanitazama, anangoja nisimame kama nilivyosimama Jumamosi ile. Uso wake haukuwa na wasiwasi hata chembe. Hilo ndilo linaloniua.

"Mpaka ni mfereji, si unauona?" mwanangu akadakia.

"Ni kweli, mama?" mpimaji akaniuliza.

Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulikuwa mzito kama wenye mfupa. Niliutikisa mara moja tu. "Ndiyo," nikasema.

Wakapigilia kigingi. Mmoja wao alikuwa kakanyaga ukingo wa mfereji, maji yanamwagika ovyo. Shemeji akachukua jembe lake, akaziba lile tundu vizuri, akaushindilia udongo kwa kisigino. Kisha akaenda zake.

Nyumba yake ikavunjwa. Mkewe akahamia kwa binti yao. Yeye akakataa, akasema hapa ndipo anapopajua. Ghorofa lilipokwisha wakamwajiri kutunza bustani, wakampa chumba cha kando ya geti, kitanda na ndoo. Mfereji wameufunika zege, siku hizi unapitisha maji ya vyoo. Mwanangu alinijengea nyumba hii, bomba ninalo la jikoni, kisha akahamia mbali. Hupiga simu Jumapili akikumbuka.

Jana, Jumamosi, wakazi wa ghorofa walikuwa na mkutano uani. Nyasi ziondolewe, wapange vitofali waegeshe magari, na babu aondoke maana chumba chake kitakuwa stoo. Nikajitanda shuka, nikaingia bila kualikwa. Nikasimama.

"Shemeji yangu alinipa hatua arobaini za shamba lake," nikasema. "Mnapokaa ni kwake. Mimi nilidanganya."

Walinisikiliza kwa adabu, siwezi kusema vingine. Mwenyekiti wao, bwana mmoja wa kaptura, akaniuliza, "Mama, una hati yoyote?"

"Hati ndiyo huo uongo wenyewe!"

Wakatazamana. Mwanamke mmoja akaniletea kiti na maji ya chupa, akaniuliza kama nyumbani nina mtu wa kuniangalia. Kisha wakaendelea na mambo ya maegesho.

Nikamkuta shemeji getini anakunja mpira. "Nimesema," nikamwambia. Machozi yalikuwa yananitoka, mimi mtu mzima. "Nimesimama nimesema, shemeji."

"Nimesikia."

"Nisamehe."

Akaukunja mpira mpaka mwisho, akautundika kwenye msumari, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shemeji," akasema, "siku ile ya vigingi nilikungoja. Nikakungoja na mwaka mzima uliofuata. Sasa nangoja vitofali tu."

Lori la vitofali linakuja kesho. Na bado anazimwagilia nyasi.