Refa Joash na Mkebe wa Trela

Joash Onditi hushona sare za shule mjini Awendo, na Jumamosi huwa refa. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ni refa. Cherehani ni ya kununulia unga tu. Na kama kuna binadamu anayemcheka Joash kuliko mashabiki wa timu iliyofungwa, basi ni Joash mwenyewe.

"Mimi hukimbia kama trekta ya miwa," husema. "Polepole, moshi mingi, na watu wote nyuma wamekasirika."

Mwaka huu kicheko hicho kilikuwa na hofu ndani yake. Marefa wote wa ligi walitakiwa kufanya mtihani wa mbio huko Migori mjini, na Joash alikuwa amefikia umri ambao ukianguka huitwi tena. Hakumwambia mtu jinsi alivyoogopa. Bila filimbi angebaki fundi wa kaptula, mtu anayekumbukwa shule zikikaribia kufunguliwa, halafu basi. Uwanjani, wanaume waliomzidi kila kitu, mali na hata kimo, walinyamaza akiinua mkono. Alipenda hilo, na hakuona haya kulipenda.

Dawa aliipata kwa simu kutoka kwa binti yake, Valary, anayesomea uuguzi Homa Bay.

"Baba, wacha hizo mandazi na chapati za asubuhi. Tengeneza trail mix."

"Trela miksi?" Awendo trela ni lile linalovutwa na trekta, miwa imejaa hadi inafagia barabara. "Nyathina, mwanangu, unataka nikule miwa?"

Valary alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamweleza kwamba ni kitafunio cha watu wanaopanda milima: karanga, mbegu na matunda makavu, vyote vikichanganywa pamoja. Kinatia nguvu, na kiganja kimoja kinatosha.

"Kimoja tu, Baba. Umeskia?"

Joash alikuwa hajawahi kupanda mlima wowote, ila alilipenda wazo la kula kama mtu anayepanda.

Jumapili baada ya kanisa alimtoa mkewe, Edith, jikoni kwa heshima zote. Alikuwa amenunua karanga nyekundu sokoni, soya, simsim na mbegu za malenge, na dukani kwa Hamud akapata zabibu kavu na tende. Karanga za kwanza ziliungua kwa sababu alikuwa akimweleza Edith namna ya kutoziunguza. Za pili alizitia maji ya chumvi, akazigeuza kwa mwiko juu ya moto mdogo, zikatoka vizuri hata akajishangaa. Mbegu za malenge alizianika kwenye ungo, kuku wa jirani wakachukua fungu lao. Tende akazikatakata. Akachanganya yote kwenye beseni, akaonja, akakunja uso. Kuna kitu kilipungua.

Awendo, kitu kikipungua, huwa ni sukari. Joash akasaga kipande cha sukari guru, kidogo tu, kwa ajili ya harufu. Kipande chenyewe kilitoshana na kiatu cha mtoto.

"Na hiyo pia hupanda mlima?" Edith akauliza.

"Hiyo ndiyo hubeba wale wengine."

Akavijaza vyote kwenye mkebe, mkebe ukahamia dukani kwake anakoshonea, ukakaa kando ya cherehani, na tangu siku hiyo ukaitwa trela.

Hapa inabidi tuseme jambo moja kumhusu Joash, nalo alilirithi kwa baba yake na babu yake. Kwake yeye chakula ni kuon, yaani ugali. Kitu kingine chochote, hata kiwe kingi namna gani, ni kupitisha muda. Joash anaweza kumaliza sufuria ya viazi vitamu, anywe chai na nusu mkate, halafu aape kwa moyo safi kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Sasa mtu wa namna hii umpe mkebe wa karanga zenye sukari, umketishe kando yake kutwa nzima, halafu umwambie kiganja kimoja.

Alikula kiganja kwa kila kola. Zipu ikikwama, kiganja. Ikikwamuka, kingine cha kushukuru. Jioni Edith alipouliza kama alikula mchana, alimkazia macho kama mtu aliyeonewa.

"Nikule saa ngapi, na kazi ilikuwa mingi hivi?"

Akaletewa ugali na samaki, akaupanda ugali wote hadi kileleni. Huo ndio mlima pekee aliopanda.

Nguo ndizo zingemwambia ukweli, lakini kaptula yake nyeusi ya urefa alikuwa ameishona mwenyewe, na hapo ufundi ulimponza. Mtu mwingine akinenepa hubanwa, akajua. Joash alipobanwa aliigeuza kaptula, akafumua mshono wa nyuma, akaachia kitambaa kidogo, akashona tena, akapumua. Alilaumu sabuni. Alilaumu jua. Kuna wiki alilaumu futi ya kupimia, akaitupa na kununua mpya. Mazoezi aliyafanya, ni kweli, kila asubuhi alizunguka uwanja wa shule akihema, kisha akarudi dukani kujipongeza kutoka kwenye mkebe.

Asubuhi ya mtihani kaptula ilikataa kufunga. Akaigeuza kama kawaida, akachukua wembe, akatafuta kitambaa cha kuachia. Hakikuwepo. Alikuwa amekimaliza chote, mshono baada ya mshono.

Alisimama pale dukani, mlango umefungwa, kaptula mkononi, akajiona alivyo: fundi mnene aliyejidanganya kwa sindano yake mwenyewe. Aliona aibu, aibu kweli, ingawa hapakuwa na wa kumtazama. Kisha kicheko kikamshinda. Akakata kipande cha sare ya shule, rangi ya damu ya mzee, akakishonea nyuma ya ile nyeusi, akaondoka kwenda Migori.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Gisiri, Mkuria wa Kegonga, mwenzake tangu enzi za kuchezesha mechi kwenye viwanja vyenye ng'ombe. Alimzunguka Joash mara moja.

"Joash bwana, hiyo bendera umeweka huko nyuma ni ya nchi gani?"

"Ya nchi ya walioshiba," Joash akajibu, na marefa vijana wakaangua kicheko.

Mtihani wenyewe haukuwa na fumbo. Filimbi ikilia unakimbia, na kabla haijalia tena uwe umeipita koni. Unatembea kidogo, unakimbia tena. Ukichelewa mara moja unaonywa, ukichelewa mara ya pili unatoka.

Mwanzoni Joash alikwenda vizuri, hata akawatania waliokuwa nyuma yake. Katikati maneno yakamwisha. Karibu na mwisho akachelewa koni moja, akaonywa, na tangu hapo akakimbia kama mtu anayefukuzwa, miguu ikimwambia ukweli ambao kaptula ilimficha. Ikabaki koni ya mwisho. Alijitupa kwa nguvu zake zote, macho yakiona giza, na filimbi ikalia akiwa amebakisha hatua moja.

Gisiri alikuwa amesimama palepale kwenye koni.

"Onditi amepita!" akatangaza kwa sauti. "Kaa chini, pumua."

Moyo wa Joash ukaruka kwa furaha. Aliinama, mikono magotini, na kwa muda mfupi akawa refa tena, mechi zote za msimu zikimngoja. Kisha akainua kichwa.

"Gisiri, nilikuwa sijafika."

"Wacha hiyo maneno. Nani ameona?"

"Mimi nimeona. Hata wewe umeona."

Gisiri akamsogelea, akashusha sauti. "Joash, mwaka ujao hawatakuita. Unajua hivyo?"

"Najua. Lakini hiyo mpira ilikuwa nje."

Gisiri akageuka, akawaambia wengine kwamba Onditi ametoka. Hakuna aliyecheka. Joash akajikokota hadi kivulini, na pale ikamuuma. Hakuna namna ya kulipamba hilo. Ilimuuma hata kamba za viatu zikamshinda kufungua.

Simu ikalia. Alikuwa Edith.

"Umepita?"

"Nimetolewa. Koni ya mwisho, nimebakisha hatua moja."

"Hatua moja!" Edith akawaka. "Hatua moja tu, na mtu mzima amekimbia hivyo? Ni refa gani huyo hana roho? Nipe jina yake, Baba Valary. Nipe, leo atanijua!"

Joash akautazama uwanja, vijana wakipanga foleni kukabidhiwa fulana za msimu mpya.

"Unamjua," akasema. "Ndiye alikuoa."