Mhubiri Aliyetua Kwenye Uwele Wangu

Hapana, Ruthu mjukuu wangu, hakunihubiria nikaokoka. Aliniangukia.

Ndiyo, cheka. Aliniangukia na paa langu, na udongo wake, akatua kwenye chakula chetu cha mwaka mzima.

Watu wa hapa Nzuguni kila mmoja anaisimulia anavyopenda. Mimi ndiye mwenye paa, nisikilizeni mimi.

Ilikuwa enzi za Mjerumani. Reli bado iko huko Morogoro, inajivuta kuja kwetu. Hapa palikuwa pori, fisi, na tembe zetu za Kigogo. Tembe mnaijua: paa bapa, miti chini, udongo juu. Kwa nyuma ni fupi, hata mbuzi anapanda.

Kumbe na wasomaji wanapanda.

Wasomaji ndio waliobatizwa, tuliwaita hivyo. Jirani yangu alikuwa mmoja. Alienda kubatizwa na jina lake fupi la kwetu, akarudi anaitwa Bartolomayo. Ukimaliza kumwita, ng'ombe wameshakula shamba.

Sasa huyu ndugu alifundishwa huko kwamba Mkristo ni taa, na taa huwekwa juu, haifunikwi. Maneno mazuri kabisa. Basi taa yetu ikawa inapanda juu ya paa langu kila alfajiri, inainama kwenye tundu la moshi, inapiga kelele.

"Baba Matonya! Umelala dhambini!"

"Nimelala kwenye ngozi, Bartolomayo! Shuka!"

"Moto unakungoja!"

"Moto ninao huku ndani! Huo moshi unaokutoa machozi unadhani ni wa nini?"

Mke wangu, Mama Matonya, anajifunika uso. "Hii taa haina wa kuizima?"

Nilimwambia na mchana, kistaarabu. "Jirani, mvua ikinyesha usipande. Udongo ukilowa, paa linakuwa zito."

Akanihurumia. "Unafikiria paa, Baba Matonya. Mimi nafikiria roho."

Haya.

Mvua ya kwanza ikaja. Mwaka uliotangulia ilitukataa, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mbegu kidogo, ya kubahatisha. Mimi uwele wangu wote, wa kula na wa kupanda, ulikuwa ndani ya kilindo, lile pipa la gome la mti, chini ya paa.

Alfajiri ile mvua inanyunya. Nikasema leo mtumishi atalala kwake.

Wapi!

"Baba Matonya! Siku ya hukumu inakuja kama..."

Kama nini, hatujui mpaka leo. Nilisikia mti unalia kraaa, halafu hukumu ikashuka na miguu yake miwili.

Kilindo kikapasuka. Uwele ukamwagika kwenye tope. Na mvua, kana kwamba ilikuwa inasubiri mlango ufunguliwe, ikaingia yote.

Nikamkuta kakaa katikati ya mbegu zangu, kifundo cha mguu kimegeuka, mdomo umejaa damu. Alikuwa amejing'ata ulimi.

"Sema sasa!" nikamwambia. "Endelea na hukumu!"

"Mmmh," akasema.

Mkewe, Loisi, akaja mbio. Akamtazama mumewe, akatazama tundu la paa. "Baba Sila, umeumia?"

"Mmmh."

"Hawezi kuongea?" akaniuliza.

"Hawezi."

Loisi akainua mikono juu. "Mungu wangu, wewe unasikia maombi!"

Tukambeba kwenye ngozi ya ng'ombe mpaka kwake. Majirani walikuja, wakatazama, wakanipa pole nyingi nyingi, wakarudi kupanda. Pole haina gharama.

Tulichookota hakikujaza kibuyu. Kilichobaki kwenye tope, siku chache baadaye kiliota palepale. Jamani, mnalijua shamba la ndani ya nyumba? Uwele wa kijani karibu na kitanda. Mke wangu hakucheka. Alikaa akaniuliza, "Usipopanda mvua hii, utakwenda kwenye reli?"

Mwanamume aliyekosa mavuno, kazi yake ilijulikana: kumchimbia Mjerumani tuta la reli. Wengi walikwenda. Waliorudi hawakuwa wengi.

Siku iliyofuata namwona Bartolomayo anakuja. Anaruka kwa mguu mmoja, fimbo mkononi, begani mfuko wa ngozi. Nyuma yake Loisi.

"Mwendawazimu! Na sisi tutapanda nini? Mtoto wetu Sila atakula hayo mahubiri yako?"

Akafika, akaketi chini, akafungua mfuko. Uwele. Mbegu yake yote. Akachukua kibuyu: kibuyu huku kwangu, kibuyu huku kwake. Kwangu, kwake. Loisi anahesabu kwa macho huku machozi yanamtoka.

Na mimi nikajiambia, aha, mtego. Anatia chambo, ndoano iko nyuma. Sasa atafungua mdomo adai nipige magoti.

"Mmmh," akasema. Akaondoka.

Kesho yake akarudi. Hawezi kusimama kwenye jembe, basi mimi nachimba, yeye anajiburuza kwa makalio nyuma yangu, anatia mbegu, anafukia. Shamba langu kwanza. Halafu tukaenda kwake, nikachimba la kwake. Ningefanyaje? Mtu kajiburuza shamba zima, wewe ukae kivulini?

Tulipomaliza, akaanza kukanyaga udongo mpya wa paa langu kwa mguu ule mzima. Wale majirani wa pole nyingi wakaona aibu. Mmoja akaleta mti. Mwingine akaleta kamba. Paa likapanda.

Nami kila siku nasubiri mahubiri. Hayaji. Nikasema ulimi huo umeng'atwa vibaya, maskini.

Mpaka wakati wa kupalilia. Napita karibu na shamba lake, nasikia mtu anafoka: "Toka, mbuzi mshenzi! Toka, nitakuvunja miguu! Nani kakufundisha wizi?"

Sauti safi kabisa! Kila neno limekamilika.

Nikatokea. "Bartolomayo! Ulimi umepona lini?"

Akaduwaa kama mwizi. "Zamani."

"Zamani! Na mimi kila siku nakuonea huruma! Mbona huongei?"

Akakwaruza ardhi kwa fimbo. "Naogopa, Baba Matonya. Nikifungua mdomo nitaharibu."

Nilikaa chini pale pale kwenye magugu. Nikamwambia, "Haya, sasa niambie. Huyo Mungu wako yukoje?"

Mnajua alisema nini? Alisema, "Subiri kwanza nimtoe huyu mbuzi."

Tukavuna. Si kwa kujaza vilindo, ila reli niliisikia kwa masikio tu. Nikaanza kwenda kwenye mafundisho, na mke wangu nyuma yangu.

Ndipo akaja mwalimu Sostenes kutoka misheni, kanzu nyeupe, kututembelea kwangu. Majirani wote wakajaa. Mama Matonya na Loisi walikuwa wamesonga ugali, na mlenda, na maziwa ya mgando. Lakini mwalimu kwanza akasimama kutoa neno. Neno likawa refu, ugali unapoa.

"Tumshukuru Mungu kwa mahubiri yenye nguvu ya ndugu Bartolomayo! Baba Matonya, simama utuambie. Ni neno gani lililokugusa?"

Nikasimama. "Hakuna neno, mwalimu. Ulimi wake ulikuwa umevimba."

Watu wakaangua kicheko. Bartolomayo alitazama vidole vya miguu. Mwalimu akakunja uso. "Lakini lazima alisema kitu!"

"Alisema mmmh," akajibu mke wangu.

Wajukuu zangu, mimi sikusoma, sijui mengi. Nawaambia hili moja: ukitaka kumvuta mtu kwa Mungu, tazama kwanza chini, usije ukawa umesimama juu ya chakula chake. Ukishamwangukia, mpe nusu ya mbegu yako, na ufunge mdomo mpaka akuulize.

Basi, siku ile mwalimu akafungua kinywa aongeze kidogo. Loisi akamwekea bakuli la maziwa mikononi. "Baba mwalimu, kaa."

Akakaa. Nasi wote tukakaa, tukanawa, tukala.