Amen Kabla ya Ndengu

Kwa Wambeti, nyuma ya ofisi za serikali mjini Embu, hakuna aliyegusa kijiko kabla Hezekiah Njue hajasema Amen. Na Hezekiah Njue hakuwa mtu wa kuharakisha Amen.

Hoteli yenyewe ilikuwa mabati juu, mabati pembeni, na meza mbili ndefu zilizofunikwa plastiki yenye picha za matunda ambayo Wambeti hajawahi kuyauza. Chakula kilikuwa chapati na ndengu. Siku nyingine kilikuwa ndengu na chapati. Ijumaa aliongeza mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga za majani, na watu wa ofisi walianza kuuzungumzia mukimo huo tangu Jumatano. Mjini kulikuwa na hoteli zenye vitambaa mezani na wahudumu waliofunga tai, lakini Lorna, mhasibu wa ofisi ya jirani, alijaribu moja akarudi akisema kule mtu analipia kitambaa kisha anaonjeshwa wali. Kwa Wambeti ulilipia chakula na ukapewa chakula. Ndengu zilitoka shambani kwa kaka yake kule Mbeere, zikapikwa kwa vitunguu vingi, na ukizimaliza ulirudi ofisini huna hamu ya kugombana na mtu.

Shida ilikuwa moja tu. Watu wote wa ofisi hutoka saa saba, na kuni hazijui saa saba ni nini.

Maombi yalianza siku ya mvua. Kuni zilikuwa zimelowa, ndengu ngumu kama changarawe, na wateja wamekwisha kukaa wakitazama mlango wa jikoni. Wawili waliinuka waende zao. Wambeti akaangaza macho mezani, akamwona mwanamume wa makamo mwenye sweta ya kijivu na uso wa mtu aliyezoea kukaa viti vya mbele kanisani.

"Pasta," akaita, "hebu tuombee chakula kwanza."

Hezekiah hakuwa pasta. Alikuwa karani wa masjala, kazi yake kutunza mafaili na kuyatafuta yakipotea. Lakini alisimama, akavua kofia, akafumba macho, na wale wawili waliokuwa wameinuka wakainamisha vichwa palepale waliposimama. Mtu wa Embu anaweza kutoka katikati ya mkutano wa bosi wake akisingizia simu, lakini mtu akiwa anaomba, hatoki. Hezekiah aliombea mvua. Aliombea kahawa na majani chai, serikali ya kaunti na ile nyingine, wagonjwa, wafungwa, na wasafiri wote wa barabara ya Runyenjes. Aliposema Amen, ndengu zilikuwa zimelainika.

Tangu siku hiyo akawa Pasta. Lorna alimwita Pasta, walinzi wa langoni wakamwita Pasta, hata mkuu wake wa kazi alisahau siku moja akamwita hivyo mbele ya wageni. Hezekiah alikuwa akikataa kwa sauti ya chini, sauti ambayo mtu huitumia akikataa kuongezewa nyama.

Ukitaka kujua jina hilo lilimkaa vipi moyoni, ni lazima ujue kwamba kanisani kwao Karurumo aligombea uzee wa kanisa mara mbili. Mara zote mbili kanisa lilimshukuru kwa moyo wake wa kujitolea, likamwachia kazi ya kupanga viti. Alivipanga vizuri. Hakuna aliyewahi kumwita mbele aombe, hata kwenye mazishi ya watu aliowajua mwenyewe. Mkewe Kathambi, mzaliwa wa Mikinduri na mtu asiyezunguka na maneno, alipolisikia jina jipya alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kwa kanisa unapanga viti, kwa mji unaitwa pasta. Hao watu wa mjini wanakula nini huko?"

"Ndengu," akajibu Hezekiah.

Sasa, maombi marefu yanataka vitu vya kuombea, na mvua na kahawa haziwezi kukufikisha mbali kila siku. Hezekiah akaanza kuokota. Asubuhi akipeleka mafaili ofisi hadi ofisi, alisimama mlangoni akauliza. Mtoto alipita mtihani? Ile ng'ombe imezaa? Kwa Lorna aliokota kesi ya shamba la baba yake, ambayo ilikuwa na urefu wa kutosha mwezi mzima. Kwa Muchangi, kijana wa idara ya ununuzi, aliokota mama mgonjwa kule Runyenjes, mwenye uvimbe tumboni uliokuwa ukitibiwa kwa dawa hii leo na ile kesho. Mama yake Muchangi alifaa sana. Hakupona wala hakuzidiwa, na alijaza vizuri nafasi iliyobaki kati ya kesi ya Lorna na serikali ya kaunti.

Ajabu ni kwamba Muchangi huyo ndiye aliyelalamika zaidi.

"Pasta, leo kata kidogo bana," alikuwa akisema huku akijikuna shingo. "Niko na mkutano saa nane."

"Mungu hana mkutano saa nane," Hezekiah alimjibu, akafumba macho.

Na alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakumwambia mtu, kwa sababu kujisifu ni dhambi. Alijua wapi pa kuweka Amen. Alipokuwa katikati ya maombi, akienda taratibu kwa wajane na mayatima, kuna kitu kilimgusa ndani na kumwambia basi. Akasema Amen, na kabla watu hawajafumbua macho vizuri Wambeti alikuwa anatoka jikoni na sahani. Hakikukosea hata siku moja. Hezekiah aliamini ni Roho. Ukweli ni kwamba ndengu zikiiva, Wambeti hugonga upawa kwenye ukingo wa sufuria ili kuukung'uta, na sikio la Hezekiah lilikuwa zima kabisa.

Mambo yaliharibika Wambeti aliponunua jiko la gesi.

Hakununua kwa kupenda. Ng'ambo ya barabara mwanamume mmoja alikuwa amefungua hoteli yenye vigae na runinga, chakula kinakaa tayari ndani ya vyombo vya kukipasha, unaelekeza kidole unapakuliwa. Meza ya pili ya Wambeti ikaanza kuwa na nafasi. Naye hakulia wala hakulaani. Alienda kwa chama chake cha akina mama, akarudi na jiko la gesi la vichomeo viwili na sufuria ya presha, na Jumatatu saa saba kasoro ndengu zilikuwa zimeiva zikimsubiri mtu.

Hezekiah alifika, akaketi mahali pake, akangoja wajae. Akasimama. Akavua kofia. Alikuwa bado hajafungua kinywa, upawa ukagonga sufuria jikoni, *ko ko*, na mdomo wake wenyewe, bila ruhusa yake, ukasema Amen.

Kisha Muchangi akapiga makofi.

"Sasa hiyo ndiyo maombi!"

Watu walicheka wakavuta sahani. Hezekiah alibaki amesimama na kofia mkononi, akalitazama pazia la jikoni, na hapo ndipo alipoelewa yote kwa mpigo mmoja. Alikaa. Alikula chapati moja akaiacha ya pili, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale.

Wenzake walipoondoka alienda mpaka pazia.

"Wambeti, nikuulize kitu. Kwani ulikuwa unaniita niombe juu ya nini?"

Wambeti alikuwa anafuta gesi yake kwa kitambaa kibichi, polepole, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuona faida ya uongo katikati ya kazi.

"Pasta, si unajua vile kuni zilikuwa zinanisumbua. Wewe ulikuwa unanisaidia na kuni."

"Ni hivyo tu?"

"Na ulinisaidia sana," akasema Wambeti kwa shukrani ya kweli. "Hakuna hata mmoja alikuwa anatoka."

Juma lile watu waliambiwa kila mmoja ajiombee kimoyomoyo. Waliinama, wakainuka, wakala. Lorna alisema sasa anapata hata nafasi ya kupitia sokoni kununua mboga. Meza ya pili ikajaa tena. Hezekiah alikuja siku chache akakaa pembeni, na jambo baya kuliko yote ni kwamba hakuna aliyekosa kitu. Ndengu zilikuwa zilezile. Kusema kweli zilikuwa zimezidi utamu.

Akaacha kuja. Alimwomba Kathambi amfungie nduma, yale magimbi ya kuchemsha, akawa anazila masjala, peke yake, kati ya rafu na rafu. Kathambi alipouliza sababu alisema ni tumbo. Alisema uongo huo akiwa anatazama ukuta. Nduma baridi si chakula cha kumpa mtu furaha, na ukizila mbele ya mafaili ya watu waliostaafu ni vibaya zaidi. Aliacha pia kuuliza watu habari za nyumbani. Alipeleka faili, akasaini, akatoka. Hakuwa na hasira nao. Alijionea aibu, kwa sababu alikuwa amekaa na matatizo yao muda wote huo kama mtu anayekusanya kuni, na sasa kuni hazihitajiki.

Siku moja Muchangi akaja masjala. Hezekiah alidhani anataka faili, akashika kalamu. Muchangi hakutaja namba ya faili. Alisimama akasoma kibandiko cha rafu ambacho hakikuwa na chochote cha kusoma.

"Pasta, siku hizi unakulanga wapi?"

"Hapa."

"Hapa na hii mavumbi? Twende kwa Wambeti."

"Nina nduma zangu."

"Wacha nduma, mzee wangu," Muchangi akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mkutano saa nane. "Twende."

Walikuta meza zote zimejaa na watu wameanza kula. Lorna aliwasogelea wenzake akawapa wawili hao nafasi. Wambeti alileta sahani mbili kabla hawajaketi vizuri, mvuke unapanda, mafuta ya chapati bado yanang'aa. Hezekiah aliinamisha kichwa kimoyomoyo kama sheria mpya ilivyotaka, akainuka, akashika kijiko. Muchangi hakushika chake. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja.

"Kesho wanampasua mama," akasema.

Hezekiah aliweka kijiko chini.

"Daktari amesema haiwezi kungoja tena. Nimemleta jana kutoka Runyenjes. Yuko wadi." Muchangi alitazama ndengu zake. "Ulikuwa unamtaja kila siku. Mimi nilikuwa nafanya kelele, lakini jioni nikimpigia simu nilikuwa namwambia, mama, leo tena umeombewa kwa ofisi. Alikuwa anapenda hiyo maneno. Juzi ameniuliza kama mliacha."

Hezekiah alisogeza sahani yake pembeni.

"Pasta, omba."

"Chakula chako kitapoa."

"Wacha kipoe."

Maneno hayo hayakuwahi kusemwa kwa Wambeti tangu hoteli ifunguliwe. Lorna aliacha kutafuna. Upande ule mwingine mtu mmoja alirudisha kipande cha chapati kwenye sahani kutoka mdomoni kabisa. Wambeti alikuwa amesimama penye pazia na alisikia yote. Alimjua Hezekiah. Alirudi jikoni, akazima gesi, akatoka na vifuniko vya sufuria, vile vikubwa, aanze kufunika sahani za watu, maana aliona safari ni ndefu.

Hezekiah alisimama, akavua kofia. Alifumba macho, akaanza pale anapoanza siku zote.

"Baba, tunakushukuru kwa mvua uliyotunyeshea, na tunaweka mikononi mwako kahawa yetu..."

Akanyamaza. Alikuwa anasikiliza. Alisubiri sauti ya upawa bila kujua kwamba anaisubiri, na jikoni hakukuwa na sauti yoyote, hata ya moto. Hakukuwa na kitu cha kungojea kiive. Mvua na kahawa hazikuwa na kazi hapa, na serikali ya kaunti pia haikuwa na kazi. Alitafuta neno lingine, akafika kwa mama yake Muchangi, na hapo ndipo alipogundua jambo lililomchoma kuliko lile la gesi. Alikuwa amemtaja mwanamke huyo Jumatatu hadi Ijumaa, msimu wa mvua na wa kiangazi, na hakuwahi kuuliza jina lake.

Akafumbua macho katikati ya maombi. Kwao Karurumo kwa jambo hilo wangemwondolea hata viti.

"Muchangi, mama anaitwa nani?"

Muchangi aliinua uso. "Ruguru."

Hezekiah akafumba macho tena.

"Bwana, ni Ruguru," akasema. "Ukae na yeye kesho. Amen."

"Amen," meza mbili zikaitikia.

Wambeti alikuwa bado amesimama na vifuniko mikononi, hajafunika sahani hata moja. Muchangi alijipangusa uso kwa kiganja, akavuta sahani yake, akakata chapati, akachovya. Ndengu zilikuwa bado za moto.