Nilimchapa Doto kwa Kukosa Raha

Nimekosa, na kosa hili sina wa kumsukumia. Mimi ni mama wa mapacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike. Tunaishi Nyahanga, Kahama.

Kulwa akirudi shule anatupa mkoba, anakwenda mpirani. Akinuna kidogo tu, namuuliza kulikoni, namkaangia mayai. Doto akirudi anashika ndoo. Hakuwa na makelele, nami nikajisifu kwa majirani kwamba huyu wangu hana shida.

Mwaka jana, wakiwa kidato cha pili, mwalimu wa malezi aliniita.

“Mama Kulwa, Doto analia darasani. Anasema haoni raha ya kuishi.”

“Mwalimu, wasichana wa umri huo ndivyo walivyo. Atazoea.”

Nyumbani nikamkalisha. “Raha gani unayoitaka? Si unakula, unavaa, unasoma?”

Akaniangalia. “Mama, Kulwa akinuna unamuuliza. Mimi mbona huniulizi?”

Nikamwambia ameota mapembe.

Hakusema tena. Akaanza kukonda, nami nikaona ni kukua tu. Kulwa ndiye aliyeniambia: “Mama, Doto hali. Ugali wake anampa mbwa.”

Nilifanya nini mimi? Nilichukua fimbo nikamchapa kwa kuchezea chakula. Hata kulia hakulia. Kesho yake alianguka bombani, wanawake wakamkimbiza hospitali.

Wifi yangu, shangazi yake, alikuja kutoka Shinyanga. Alikaa naye pale kitandani, wakanong’ona muda mrefu. Alipotoka hakunisalimia. “Wifi, akipona naondoka naye.” Baba yake Doto akakubali. Ningebisha kwa mdomo upi?

Mwezi uliopita nilikwenda kwa wifi, Kambarage, kule Shinyanga, kumwona. Nikiwa bado getini nilisikia msichana anacheka ndani, anacheka mpaka anakohoa. Nikadhani wifi ana mgeni. Kumbe ni Doto. Kicheko cha mwanangu sikukijua.

Nilipoingia alikatisha. Akapiga goti, “Shikamoo mama,” akaenda kunichemshia chai. Hakurudi kukaa nami. Chai aliileta shangazi yake.

Mama mwenzangu, binti yako akikuambia hana raha, weka chini unachofanya umsikilize, kama unavyomsikiliza kaka yake. Usingoje aanguke. Mimi leo napanda basi kwenda kumsalimia mtoto niliyemzaa, na chai yake nainywa kama mgeni.