Siku Niliyomshusha Mke Wangu Kwenye Ndege

Kwa miaka tisa nilifanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, kwenye meza ya mizani. Nilipima mizigo, nikaandika majina ya abiria kwenye orodha, nikawaita wapande. Kadutu, mtaa tuliokaa, majirani walituita familia ya ndege. Walijua kwamba mfanyakazi wa kampuni, mke wake na watoto wake wanapewa tikiti za bure kila mwaka, wakadhani tunaamka asubuhi na kuchagua tu, leo tunywe chai hapa Bukavu ama Kinshasa. Sikuwasahihisha. Heshima ile ilinipendeza.

Tikiti yenyewe haikuwa na kiti. Ulikwenda uwanjani na mzigo wako, ukakaa kwenye benchi, ukangoja wote waliolipa waingie. Kiti kikibaki, unakimbia. Kisipobaki, unarudi nyumbani. Na hata ukishaketi ndani na kufunga mkanda, kiti si chako mpaka mlango ufungwe. Hayo niliyajua kuliko mtu yeyote, maana kazi ya kuwashusha watu wa tikiti za bure ilikuwa yangu. Nilimshusha fundi wetu wa mitambo aliyekuwa anaenda kuoa. Alinitukana mbele ya watu wote, na jioni ile nilikula vizuri nikalala.

Kisha mama mkwe wangu akaugua. Aliishi Kinshasa kwa mtoto wake wa kiume, kaka ya mke wangu. Habari ilitufikia kwa redio ya wamisionari, ile watu waliyoita foni: ukisimama pale parokiani ulisikia sauti imejaa mikwaruzo, ikikata, ikirudi. Kaka mtu alisema mara tatu, ili tusikose kuelewa, "Mama anamuita binti yake. Asichelewe."

Kutoka kwetu hadi Kinshasa hapakuwa na barabara ya kufika kwa mgonjwa. Palikuwa na ndege tu, mara mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza mke wangu alikuja na mfuko wa sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na maharagi, vitu ambavyo mama yake alivililia kila siku huko mbali. Akaketi kwenye benchi. Viti vilibaki vitatu. Nikaanza kuandika jina lake, lakini rubani akakataa: uzito ulikuwa umepita. Ndani kulikuwa na vikapu vya kabichi na matunda ya mkubwa fulani wa Kinshasa, na vikapu vile hakuna aliyethubutu kuvigusa. Nilitoka kwenda kumwambia.

"Viti viko, lakini uzito umepita," nilisema.

"Miye niko na kilo ngapi?" aliuliza. Alikuwa amekonda, hakuwa na uzito wowote.

Jumanne alirudi. Siku hiyo kiti kilipatikana na uzito ulitosha. Nilimsindikiza mwenyewe hadi kwenye ngazi, akapanda bila kugeuka, kama mtu anayeogopa kuitwa. Nikarudi mezani nikaanza kukunja karatasi zangu. Nilishapumua.

Hapo ikafika jeep ya jeshi. Afisa mmoja alishuka na karatasi yenye muhuri, ya kudai kiti kwa amri ya serikali. Mkubwa wangu aliisoma akiwa amesimama, akaniita pembeni.

"Ndani kuna tikiti moja tu ya bure," alisema.

"Shefu, ni bibi yangu. Mama yake iko anakufa Kinshasa."

"Najua. Ndiyo maana natuma weye. Nikituma basoda ba jeshi, batamuvuta mbele ya batu."

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na kila mara nafika palepale: ningeweza kuketi kwenye mizani yangu na kusema, fanyeni wenyewe. Ningefukuzwa kazi, labda. Tulikuwa na watoto watano. Lakini siwezi kusema kwamba niliwafikiria watoto wakati ule. Miguu ilikwenda tu, kwa mazoea.

Alikuwa safu ya nyuma, mfuko miguuni. Aliponiona alitabasamu. Alidhani nimemletea kitu alichosahau.

"Mama ya batoto," nilisema, "tushuke."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama taa ambayo mtu hajapata nafasi ya kuizima. "Wamekutuma weye?"

"Ni miye."

"Na umekubali?"

Abiria walikuwa wakitutazama. Alifungua mkanda. Nilinyoosha mkono nimbebee mfuko, akauvuta kwake. Kwenye ngazi tulipishana na afisa, kijana wa adabu, ambaye alisema, "Pardon, maman." Mke wangu akamwitikia. Mimi hakuniambia neno mpaka Kadutu.

Ijumaa ndege haikuja. Walisema hakuna mafuta. Alingoja kwenye benchi hadi saa kumi, na nilipomletea chai aliiweka chini ikapoa. Jumapili, baada ya misa, mtu wa foni alitukuta mlangoni mwa kanisa akiwa ameshika kofia yake mikononi. Mke wangu aliiona kofia ile akakaa chini, palepale kwenye ngazi za kanisa, na kitenge chake kipya.

Mama alizikwa bila yeye. Alilia matanga nyumbani kwetu, katikati ya wanawake wa mtaa, na mmoja wao akauliza, bila ubaya wowote, kwa nini mtu wa familia ya ndege hakwenda kumzika mama yake. Nilikuwa nyuma ya pazia.

Baada ya majuma matatu kaka yake aliita tena: njooni muone kaburi, mgawane nguo za marehemu. Mke wangu alisema hatakanyaga ndege. Nilimbembeleza siku nyingi, hadi akakubali, ila kwa sharti kwamba twende wote wawili, ili kama ni kushushwa tushushwe pamoja.

Jumanne ile tulingoja kwenye benchi kama wengine. Mwenzangu wa mezani alituita mapema, hata abiria wa kulipa hawajamalizika, maana walikuwa wachache sana. Ndege iliondoka karibu nusu tupu. Hakuna aliyekuja na karatasi. Mke wangu alichagua dirisha, akauweka mfuko wake kwenye kiti kilicho kati yetu, akaufunga mkanda vizuri kama unavyomfunga mtoto. Nilikaa upande wa pili wa mfuko. Ziwa lilipotokea chini yetu nilimwonyesha, akalitazama hadi likapotea.