Sura ya Dragija

Vidosava Perunčić alichora katuni mjini Belgrade, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata mhariri wake akazoea kusema kwamba binti huyo huchora kwanza, hufikiri baadaye. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wasomaji walitaka mashujaa wa kuruka angani, wenye joho mgongoni na ngumi za kuvunja chuma.

"Hawa wa Amerika wametuchosha," mhariri akamwambia. "Nitafutie wa kwetu."

Wa kwetu alikuwa naye kichwani. Alilelewa kijijini Kremenik na mjomba wake Obren, kipofu aliyeimba tenzi kwa zeze la uzi mmoja. Utenzi wake mkubwa ulikuwa wa Ognjan, mlinzi wa ngome, na swahiba wake Dragija, aliyemwonea wivu hata akawafungulia maadui lango. Vidosava aliusikia tangu utotoni, akichambua maharage jikoni. Basi akampa Ognjan joho jekundu na uwezo wa kuruka, akaongeza mapigano, akapunguza vilio. Jina la mjomba hakuliandika popote. Alijiambia utenzi hauna mwenyewe.

Hilo pengine lingesameheka. Balaa lilikuwa sura. Mitambo ya uchapaji ilikuwa inangoja, Dragija hajapata uso, na uso aliouweza bila kufikiri ulikuwa mmoja: mashavu yaliyobonyea, sharubu za kuning'inia, kovu juu ya nyusi. Akauchora. Siku katuni ilipotundikwa kwenye vibanda vya magazeti ndipo alipomtambua mjomba wake akifungua lango.

Katuni iliuzwa kama njugu, ikafika hadi Kremenik. Yeye hakwenda. Miaka miwili alituma kahawa, soksi za sufu na barua ndefu za mtu mwenye la kuficha. Ilipokuja tena sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, akakosa kisingizio.

Obren alimpokea kituo cha basi, wakapanda kilima wameshikana mikono. Jirani yao Sekula alikuwa ameegemea ua na wenzake wawili.

"Obren, leo lango umelifunga?"

"Nimelifunga, Sekula. Mbuzi wako watalala njaa."

Wale watatu wakacheka, na Obren akacheka nao. Walipopita akasema, "Miaka miwili wananiuliza habari za lango. Sijui limewakosea nini."

Vidosava alijua, akaharakisha hatua.

Nyumbani, kabla wageni hawajafika, mjomba alitoa katuni sandukuni, imefungwa kwa kitambaa safi.

"Nisomee, mwanangu. Kila ninayemwomba anasema miwani imempotea. Kijiji kizima hakina miwani."

Akamsomea, akimweleza na picha. Mjomba alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hapo umeruka. Mama yake Ognjan yuko wapi?"

"Nilimkata, mjomba. Nafasi ilikuwa ndogo."

"Mama ndiye anayemzika."

"Huyu hazikwi. Huyu anaruka."

"Aa. Na Dragija umemchoraje?"

Angeweza kusema ni mtu mnene mwenye jicho moja. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Aliutazama ule uso uliokuwa ukimngoja, akashindwa.

"Ni wewe, mjomba. Nimemchora kwa sura yako."

Obren akapandisha mkono taratibu, akapapasa shavu lake, sharubu, kovu.

"Kumbe ndilo lile lango."

"Sikukusudia. Nisamehe."

"Heri ungekusudia. Mwenye kukusudia angalau ana sababu. Na mimi nimecheka nao miaka miwili."

Wageni walikuja, mkate ukakatwa, mishumaa ikawashwa. Sekula alipoomba utenzi wa Ognjan, Vidosava akasimama, akasema mbele ya wote kwamba utenzi ni wa mjomba wake, yeye aliuchukua bila kuomba, na ile sura ni aibu yake, si ya mzee. Sekula alitazama sahani yake muda mrefu. Obren akashika zeze, akaimba utenzi mwingine.

Kesho yake Vidosava alimsihi amfundishe tena beti zote, azichore upya.

"Ognjan wangu alikufa," mjomba alisema. "Wako hafi. Hao si ndugu."

Matoleo yaliyofuata yalibeba jina la Obren ukurasa wa mbele, na Dragija akafunikwa kinyago. Kijijini hakuna aliyeuliza tena habari za lango. Lakini utenzi ule Obren hakuuimba tena, si kwa harusi wala kwa matanga.

Vidosava alikwenda kila mwezi mpaka mzee alipofariki. Alipokelewa vizuri kila mara, na hapo ndipo alipochomwa zaidi. Zamani alikuwa hajavua koti, mjomba ameshamtuma kuni. Sasa alivutiwa kiti, akaletewa kahawa kwenye kikombe cha wageni.