Kapera wa Miaka Hamsini na Tisa

Ireneusz Wolniak alikuwa dereva wa tramu hapa mjini Łódź, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpokea zamu. Hakuwa msemaji, ila akitoa mzaha ulikuwa unachoma. Aliishi na Bogumił, fundi wa makochi, miaka ishirini na sita, ghorofa ya tatu, katika vyumba viwili vilivyonuka gundi na supu ya kabichi. Majirani waliwaita "wale ndugu wawili", ingawa hawakufanana hata kucha.

Mwaka 2017 walikwenda kisiwa kimoja huko Denmark wakafunga ndoa. Picha niliziona: upepo umewavuruga nywele, Bogumił analia. Waliporudi, Ireneusz alikipeleka cheti ofisi ya usajili kiandikishwe na hapa kwetu. Nilimsindikiza.

Karani alikigeuzageuza. "Bwana, fomu yetu ina mahali pa mume na mahali pa mke. Wewe nikuweke wapi?"

"Popote, mama. Hata umke nitauweza."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Karani hakucheka. "Huko Denmark mmeoana. Hapa mnaishi nyumba moja, basi."

Walikwenda mahakamani, wakashindwa. Ireneusz alisema viazi vinamenywa vilevile, uwe na cheti usiwe nacho. Bogumił ndiye aliyekosa raha. Aliniambia siku moja, sindano mdomoni, "Nikifa mimi kwanza, huyu watamfukuza kama paka."

Mwezi Machi, miaka miwili baadaye, Bogumił alipatwa na kiharusi akaanguka kwenye karakana yake. Siku tatu Ireneusz alikaa hospitali ameushika mkono wake, na hakuna aliyemwondoa. Siku ya nne Bogumił alikata roho. Hapo ndipo daktari alipouliza, "Ndugu wa damu ni nani?"

Alikuwa Genowefa, dada yake, wa kijijini. Miaka kumi na tisa hakuwa amekanyaga nyumbani kwa kaka yake. Alifika asubuhi ya pili amevaa koti jeusi, maiti akakabidhiwa yeye, pamoja na mfuko wenye saa, miwani na pete.

"Shemeji," Ireneusz alimwambia pale kwenye ukumbi wa hospitali, "aliniomba azikwe hapa mjini."

"Usiniite shemeji. Kaka yangu hakuoa."

"Cheti ninacho."

"Cheti cha Denmark kakizike Denmark."

Cheti cha kifo kilipotoka, kwenye hali ya ndoa paliandikwa: kapera. Mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyekuwa akigombana na mwenzake kila Jumapili juu ya nani amemaliza siagi.

Tulikwenda mazikoni huko kijijini kwa basi. Padri alisema marehemu aliishi peke yake, Mungu tu ndiye aliyekuwa mwenzi wake. Nilikuwa nimemshika Ireneusz mkono. Baadaye, kwenye chakula, Genowefa aliwaambia wageni, "Huyu walipanga nyumba pamoja," kisha akampakulia supu.

Ireneusz hakuigusa. "Nipe ile pete niliyomvisha tu, mama. Sitaki kingine."

"Kapera havai pete," akajibu, macho kwenye bakuli. "Nimeitupa."

Meza nzima ilisikia. Hakuna aliyeinua kichwa. Na mimi nilinyamaza, na ndilo jambo ninaloona aibu nalo mpaka leo.

Ireneusz aliandika barua nne kuomba cheti kile cha kifo kisahihishwe. Ya nne ilijibiwa kwa mstari mmoja: mwombaji si mhusika. Pale depo alijaza fomu ya pensheni akaandika "mgane". Yule binti wa ofisini akalikata neno kwa rula, taratibu, kana kwamba anamsaidia.

Kila tarehe mosi Novemba, siku ya kuwasha mishumaa makaburini, anakwenda kule kijijini. Jiwe linasema: Kaka mpendwa, mjomba mpendwa. Mwaka wa kwanza aliirudia mishumaa yake jioni akaikuta jalalani. Mwaka uliofuata nilikuwa naye, na Genowefa alitukuta pale pale.

"Huchoki wewe?" akauliza.

"Nitachoka nikifa," Ireneusz akasema. "Na sijui mimi atanizika nani."

Genowefa akainama, akaisogeza mishumaa yetu pembeni ili ya kwake ipate nafasi katikati, akaanza kusali kwa sauti.